Kumwomba Mungu jambo lile lile miaka nenda miaka rudi: ni imani au ni kukosa imani?

KijitoKimya (#1)
Habari zenu wakuu. Naomba tuliongee hili kwa utulivu maana linanikosesha usingizi.

Nina kaka yangu, pombe imemshika tangu mimi niko shule. Tangu nimeokoka namuombea, asubuhi kabla sijaongea na mtu yeyote naanza na jina lake. Sasa juzi kati mtumishi mmoja wa kanisani ninakosali akaniita pembeni akaniambia dada, ukirudia kuomba jambo ulilokwisha kuliomba unamwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakukusikia, huko ni kutoamini. Akanipa Marko 11:24, aminini ya kwamba mnayapokea nayo yatakuwa yenu, kwa hiyo niache kuomba nianze kushukuru tu.

Nimejaribu kweli. Mdomo unashukuru ila usiku nikimsikia kaka anapapasa mlango hakioni kitasa, shukrani yote inakatika najikuta nimerudi kule kule, Bwana mkumbuke, Bwana mkumbuke.

Swali langu: Yesu anasema Mathayo 6:7 tusipayuke-payuke kama watu wa Mataifa wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Halafu Luka 18:1 anatoa mfano kwamba imetupasa kumwomba Mungu sikuzote wala tusikate tamaa. Hivi viwili vinakaaje pamoja? Na je kuna mahali mtu akifika anatakiwa aache? Walioomba muda mrefu njooni, waliopata na waliokosa.

Nyundo84 (#2)
Mtumishi wako yuko sahihi dada. Imani ni kupokea kabla ya kuona. Ukipanda mbegu huifukui kila asubuhi kuangalia kama imeota. Omba mara moja kwa uhakika, baada ya hapo kazi yako ni kushukuru na kukiri. Wengi tunakwama kwa sababu maombi yetu ni ya wasiwasi, tunarudia kwa hofu halafu tunaita bidii.

MzeeWaLindo (#3)
Nyundo nakuheshimu lakini hapo umepita haraka mno. Fungua Mathayo 26:44. Yesu kule Gethsemane aliwaacha wanafunzi akaenda akaomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Hayo ni maneno ya Biblia yenyewe, maneno yale yale. Kama kurudia ni kutoamini basi tumweke wapi Bwana mwenyewe?

Na huyo huyo ndo aliyesema msipayuke-payuke. Kwa hiyo alichokataza siyo kurudia. Soma mstari unaoendelea, anasema wao hudhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi. Tatizo ni hilo wazo, kwamba nikijaza maneno ya kutosha Mungu atalazimika. Karmeli imetuonyesha, manabii wa Baali walipiga kelele toka asubuhi mpaka adhuhuri "Ee Baali, utusikie", wakajikata kwa visu mpaka damu ikawachuruzika. Eliya akaomba sala fupi sana moto ukashuka. Hiyo ni 1 Wafalme 18.

Ila sasa msiishie hapo. Sura hiyo hiyo, Eliya huyo huyo wa sala fupi, ilipofika zamu ya mvua akainama kifudifudi, uso kati ya magoti, akamtuma mtumishi wake aangalie upande wa bahari mara saba. Mara sita kijana anarudi anasema hakuna kitu. Na mvua Mungu alishamwahidi mwanzoni mwa sura! Mstari wa kwanza kabisa, "nami nitaleta mvua juu ya nchi". Ameahidiwa na bado anaomba. Hapo mtu wa "omba mara moja" anajibuje?

Chaka la Mbuni (#4)
Huu uzi nimeuwekea alama, naomba msiuharibu kwa matusi ya madhehebu kama ule wa ubatizo.

Nyundo84 (#5)
MzeeWaLindo, Gethsemane ilikuwa maombi ya kujikabidhi, "si kama nitakavyo mimi". Yale ni tofauti na maombi ya kupokea ahadi. Na Eliya nakubali aliinama akamtuma mtumishi mara saba lakini kabla ya hapo alishamwambia Ahabu nenda ukale unywe maana sauti ya mvua tele inasikika. Alitangaza KABLA. Ndo ninachosema mimi, alikuwa amepokea tayari. Hakuinama kwa wasiwasi.

MzeeWaLindo (#6)
Hilo la kutangaza kabla ni hoja nzuri, nalipokea. Ila umenisaidia mimi zaidi ya ulivyojisaidia, maana aliyepokea tayari bado aliinama.

Hoja Nzito (#7)
Salaam. Mimi nimekulia kanisani ila siku hizi siendi, nitasema ninavyoona bila kumdharau mtu.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mkubwa Marekani ulioongozwa na daktari wa moyo Herbert Benson, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo kwenye hospitali sita. Wakagawanywa makundi matatu. Wa kwanza waliombewa lakini waliambiwa huenda mnaombewa huenda hamuombewi, wa pili hawakuombewa na wakaambiwa hivyo hivyo, wa tatu waliombewa na wakaambiwa wazi kabisa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji: kundi la kwanza 52%, la pili 51%, la tatu lililojua linaombewa 59%. Maombi hayakuonyesha tofauti, na waliojua wakawa hata na hali mbaya kidogo.

Kwa hiyo mimi naona anayeomba miaka mingi anapata faraja, na faraja ni kitu cha maana sana sikipuuzi. Lakini kusema ukidumu zaidi matokeo yanabadilika, sioni.

dadaSifa (#8)
Hoja Nzito ule utafiti umeutaja vizuri lakini umeruka jinsi maombi yenyewe yalivyokuwa. Waombaji hawakumjua mgonjwa, walipewa jina la kwanza na herufi ya mwanzo ya jina la ukoo, wakapewa sentensi ya kuingiza kwenye maombi yao, wakaomba siku 14 basi. Na wale "wasioombewa", mama zao na wake zao waliacha kuomba kwa sababu ya utafiti? Nani aliwazuia? Umepima sentensi ya kupangiwa kutoka kwa watu baki. Hapa tunaongelea dada anayemlilia kaka yake wa tumbo moja.

Haya sasa kwa KijitoKimya. Mpenzi, majibu yanacheleweshwa. Danieli 10, aliomboleza majuma matatu kamili, hakula chakula kitamu, nyama wala divai havikuingia kinywani mwake. Malaika akaja akamwambia tangu siku ile ya kwanza maneno yako yalisikiwa, lakini mkuu wa ufalme wa Uajemi alinipinga siku 21 mpaka Mikaeli akaja kunisaidia. Jibu lilitoka siku ya kwanza! Lilikwama njiani. Danieli angeacha siku ya 20 je? Kuna roho inamshikilia kaka yako na wewe ukiacha unailegezea. Kesha, funga, taja kila mlango, usimpe nafasi.

Mkulima wa Neno (#9)
Amani kwenu. dadaSifa kuhusu utafiti umejibu vizuri mno. Danieli 10 ngoja nitofautiane nawe kidogo.

Soma sura nzima uone Danieli alijua nini. Hakujua lolote kuhusu mkuu wa Uajemi mpaka malaika alipofika kumsimulia. Hakumkemea, hakumfunga, hakumtaja hata jina. Alifunga na kujinyenyekeza mbele za Mungu wake, vita vikapiganwa na waliotumwa kuvipigana. Wala andiko halisemi kwamba angeacha siku ya 20 jibu lingerudi, hiyo tumeiongeza sisi. Na ukisoma sura ya 9 Danieli huyo huyo alikuwa bado anaomba, hajamaliza hata kusema, Gabrieli akafika wakati wa dhabihu ya jioni. Mtu mmoja, maombi mawili, moja limejibiwa kabla ya amina na jingine baada ya majuma matatu. Ukitaka kutengeneza kanuni kwenye moja, lile jingine linaivunja.

Nina hofu na mafundisho ya "ukiacha tu umemuua" kwa sababu nimeona wanaobebeshwa huo mzigo. Mtu anafiwa halafu juu ya msiba anaambiwa ulilegea. Huo ni ukatili.

Sasa Luka 18. Tunausoma mfano wa mjane kana kwamba ni wa kuombea chochote, gari, ndoa, kazi. Angalia mjane anaomba nini, "nipatie haki na adui wangu". Na angalia umewekwa wapi, nusu yote ya mwisho ya sura ya 17 Yesu anaongelea siku ya Mwana wa Adamu, na mfano wenyewe unaisha kwa swali, "atakapokuja Mwana wa Adamu, je! ataiona imani duniani?" Ni maombi ya watu wanaoonewa, wanaosubiri Mungu aje anyooshe mambo na wanaona kimya. Swali ni nani atakuwa bado anaita wakati huo. Kwa hiyo kudumu kule hakupimwi kwa "nilipata nilichoomba", kunapimwa kwa kuwa bado unamwelekea Yeye.

Tena kadhi hafananishwi na Mungu, anatofautishwa naye. Kadhi anasema mwenyewe hamchi Mungu wala hajali watu, anatoa haki asije akachoshwa. Yesu anasema kama dhalimu wa hivi alisikia mwishowe, si zaidi sana Mungu kwa wateule wake? Ukisoma kana kwamba Mungu ndiye kadhi utaishia kumsumbua Mungu mpaka achoke, na ndo tunarudi kwa manabii wa Baali.

Chaka la Mbuni (#10)
Mkulima ukianza kuandika mtu anatakiwa achaji simu kwanza. Ila hiyo ya kadhi kutofautishwa na Mungu imeniingia. Nilihubiriwa kinyume chake miaka yote.

Salome_M (#11)
Tumsifu Yesu Kristo. Naongea kama Mkatoliki, naomba nisipigwe mawe.

Sisi kudumu tunakuita kwa majina na mpangilio. Novena ni siku tisa, na asili yake ni zile siku kati ya Kupaa na Pentekoste, Matendo 1:14, wote walidumu kwa moyo mmoja katika kusali pamoja na Mariamu mama yake Yesu. Jambo halijaisha unaanza nyingine, hakuna anayekuambia humwamini Mungu.

Mama wa kudumu kwetu ni Mtakatifu Monika. Mwanae Augustino alizaliwa mwaka 354, kijana ana akili kupita kiasi, akaingia dini ya Wamani, akaishi na mwanamke bila ndoa. Mama akalia miaka. Akamwendea askofu mmoja amwombe aongee na kijana, askofu akakataa, akasema hajawa tayari kufundishika. Mama akang'ang'ania kwa machozi mpaka askofu akachoka akamwambia nenda zako, haiwezekani mtoto wa machozi haya apotee.

Lakini kipande ninachokipenda mimi ni kingine. Augustino akataka kusafiri kwenda Roma, mama hataki. Kijana akamdanganya, akamwacha usiku anasali kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani pale karibu na bandari, yeye akapanda meli. Fikiria huyo mama usiku ule anaomba nini, Mungu usimruhusu aondoke. Asubuhi meli haipo. Na safari hiyo hiyo ndiyo ilimfikisha Milano kwa askofu Ambrosi, Pasaka ya 387 akabatizwa. Baadaye Augustino mwenyewe aliandika akimwambia Mungu kwamba hukumpa alichoomba usiku ule ili umpe alichokuwa anaomba siku zote. Monika akafa mwaka ule ule pale Ostia, akiwa ameshaona.

KijitoKimya, huenda hata kaka yako unayemsikia anapapasa mlango, kuna kitu unakiomba usiku huu kinanyimwa kwa ajili ya kile unachokiomba siku zote.

Nyundo84 (#12)
Salome ushuhuda wa Monika ni mzito sina neno. Ila rozari kurudia Salamu Maria hamsini kwa mpigo, hiyo Mathayo 6:7 mnaikwepaje? Nauliza kwa nia njema.

Salome_M (#13)
Kwa nia njema nami najibu. Zaburi 136 inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" kila mstari, mistari yote 26. Je, ni kupayuka? Kwenye rozari maneno ya mdomo yanashika mdomo ili akili itembee kwenye matukio ya Bwana, kuzaliwa, mateso, kufufuka. Anayesali kwa kukimbiza shanga amalize, huyo anapayuka kweli. Na anayepiga kelele "pokeaaa" mara mia mbili kwenye spika naye tumuulize.

Chaka la Mbuni (#14)
Hapo kwenye spika Nyundo ameguswa.

Nyundo84 (#15)
Nimeguswa lakini sijaanguka.

Abuna Safari (#16)
Na Waorthodoksi msitusahau. Sala ya Yesu, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", inarudiwa pamoja na pumzi, watawa wanaisema kutwa. Chimbuko ni kipofu wa Yeriko na yule mtoza ushuru aliyejipiga kifua. Na kumbukeni kipofu huyo, Bartimayo, watu wengi walimkemea anyamaze, Marko 10:48 inasema alizidi sana kupaza sauti. Lengo letu siyo Mungu asikie vizuri zaidi. Ni moyo ujifunze kukaa mahali pamoja, ndo tunavyoelewa "ombeni bila kukoma" ya Wathesalonike.

MamaWawili (#17)
Mimi huwa nasoma tu sichangii. Leo nimeshindwa kupita.

KijitoKimya umesema na waliokosa waje. Mimi nilikosa. Mwanangu wa katikati aliugua, tukaomba, kanisa zima likaomba, kuna dada walikuwa wanakuja wodini kwa zamu wananishika mkono. Tulipakwa mafuta, tulifunga, tulikiri uponyaji kwa mdomo kama Nyundo anavyosema, tukashukuru kabla ya kuona. Mtoto akafariki alfajiri nikiwa namvalisha soksi maana miguu ilikuwa ya baridi.

Halafu akaja mtu, tena mwenye cheo, akaniuliza kama kuna dhambi ambayo sikuitubu. Nilikaa muda mrefu bila kuweza kusema hata Baba Yetu.

Kilichonirudisha siyo maelezo ya mtu. Ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingine nyingi za kulia huwa zinageuka mwishoni zinaanza kusifu, hiyo haigeuki, inaishia gizani kabisa. Nikasema kama hii imeruhusiwa kukaa ndani ya Biblia basi na mimi naruhusiwa kukaa hivi mbele za Mungu. Nikawa naisoma hiyo tu. Sikuwa naomba kitu. Nilikuwa namwambia bado niko hapa na sielewi.

Kwa hiyo kudumu kwangu mimi ni huko. Sijui kama kunajibu swali.

Mkulima wa Neno (#18)
MamaWawili, pole sana dada yangu. Aliyekuuliza swali lile alifanya kazi ya marafiki wa Ayubu, na Mungu alisema wazi hasira yake imewaka juu yao.

Wala usifikiri wewe uko nje ya Maandiko. Daudi aliomba siku saba amelala chini kwa ajili ya mtoto, mtoto akafa, 2 Samweli 12. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke akaambiwa neema yangu yakutosha. Musa aliomba avuke Yordani aione nchi njema akajibiwa "na ikutoshe, usiseme nami zaidi jambo hili". Watu wa imani watatu, na wote watatu walinyimwa.

KijitoKimya (#19)
MamaWawili nimelia hapa nilipo. Asante kwa kuandika.

Mkulima sasa hapo ndo swali langu la pili lilipo. Paulo aliacha baada ya mara tatu kwa sababu ALIAMBIWA. Musa ALIAMBIWA. Mimi sijaambiwa kitu, si ndiyo si hapana. Mtu wa hivyo afanyeje? Na dadaSifa nitasema ukweli, nimeshafunga na kukesha sana mpaka afya ikayumba, kila kaka akianguka tena nasikia kama ni mimi niliyelala.

MzeeWaLindo (#20)
Umejibu mwenyewe binti yangu. Hujaambiwa, endelea. Mwanamke Mkananayo, Mathayo 15, alimlilia Yesu kwa ajili ya binti yake, na andiko linasema "wala yeye hakumjibu neno". Wanafunzi wakasema mwache aende zake anatupigia kelele. Kisha akaambiwa sikutumwa ila kwa kondoo wa nyumba ya Israeli. Kisha akaambiwa si vema kutwaa chakula cha watoto kuwatupia mbwa. Kimya, kufukuzwa, kukataliwa, neno linalochoma. Hakuondoka. Akaligeuza neno lile lile, hata mbwa hula makombo. Na aliambiwa imani yako ni kubwa, hakuambiwa ungeomba mara moja.

Ila la kufunga mpaka kuumwa, hapana. Kumbuka Hana aliyekuwa akiomba mtoto. Mwaka hadi mwaka analia hali chakula. Siku ile akamimina moyo wake, midomo inatikisika sauti haisikiki, kuhani Eli akamdhania amelewa. Akishamaliza, 1 Samweli 1:18, akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba bado! Kesho yake ndo wakarudi kwao. Alikula kabla ya jibu. Na wewe kula.

Tumaini Lisilokufa (#21)
Wakuu, George Müller amesahaulika? Yule wa nyumba za yatima Bristol Uingereza. Novemba 1844 alianza kuombea watu watano waokoke, kila siku, mgonjwa mzima safarini baharini. Wa kwanza baada ya miezi 18, wa pili baada ya miaka mitano tena, wa tatu baada ya mingine sita. Wawili waliobaki akawaombea zaidi ya miaka 50, akafa 1898, na wa mwisho akaokoka kwenye mazishi yake.

Hoja Nzito (#22)
Hiyo ya mazishi inasimuliwa kwa namna mbalimbali, wengine wanasema mazishini, wengine miaka kadhaa baadaye. Alichoandika yeye mwenyewe ni hao watatu na kwamba anaendelea kuwaombea wawili. Hapo panatosha, tusiongeze chumvi.

Tumaini Lisilokufa (#23)
Sawa mkuu. Lakini wewe usiyeenda kanisani mbona unamjua Müller kutuzidi?

Hoja Nzito (#24)
Mama yangu alikuwa anaomba kwa mtindo wa Müller, daftari lenye majina, tarehe upande wa kushoto, nafasi ya jibu upande wa kulia. Jina langu limo, na upande wa kulia pako wazi mpaka leo. Sijasema siheshimu.

dadaSifa (#25)
Hoja Nzito sitakuhubiria. Nimeliandika jina lako la humu kwenye daftari langu.

Fundi Mipango (#26)
Naona watu wote mnaongelea magoti hakuna anayeongelea miguu. Nehemia alisikia habari za Yerusalemu mwezi Kislevu akaanza kuomba, alipoongea na mfalme ni Nisani, karibu miezi minne. Na mfalme alipomuuliza unataka nini, akaomba kimoyomoyo pale pale kisha akataja muda, barua kwa maliwali, na miti ya malango. Kwa hiyo ile miezi alikuwa anapiga hesabu pia. Baadaye maadui walipokuja, Nehemia 4:9, tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi. Vyote viwili.

Sasa KijitoKimya, kaka ameshafikishwa kwa daktari? Maana ulevi wa muda mrefu ni ugonjwa. Mfungie ndani siku tatu na mfungo juu ataacha, mimi nimeona watu wakiacha hivyo.

Nesi wa Zamu (#27)
Fundi Mipango naomba hiyo ya kumfungia ndani ISIFANYWE na yeyote anayesoma hapa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Hayo huja ndani ya siku chache za mwanzo, ndo zile siku tatu unazosema. Watu wanaona anatetemeka wanadhani ni pepo linatoka, wanazidisha maombi badala ya kumkimbiza hospitali. Kuacha kwake kusimamiwe, kuna dawa za kumvusha salama. Ombeni pembeni ya kitanda, hakuna nesi atakayewafukuza.

Mkulima wa Neno (#28)
Nesi hiyo komenti ingewekwa juu kabisa ya uzi.

Salome_M (#29)
Naongeza moja kwa Hoja Nzito aliyeuliza kama matokeo yanabadilika. Thomas wa Akwino kwenye karne ya 13 aliulizwa swali hilo, kama Mungu habadiliki tunaomba ili iweje. Akajibu hatuombi ili tubadilishe alichopanga Mungu, tunaomba ili tupate yale aliyopanga yapatikane kwa njia ya maombi. Yaani maombi nayo yamo ndani ya mpango kama sababu.

Hoja Nzito (#30)
Lakini ukisema hivyo hakuna matokeo yoyote yanayoweza kukukosoa. Likija, lilipangwa lije kwa maombi. Lisipokuja, halikupangwa.

Salome_M (#31)
Ni kweli haliwezi kupimwa kwa njia hiyo. Hata upendo wa mama yako aliyeacha pembeni pakiwa wazi haupimwi hivyo.

Nyundo84 (#32)
Nimesoma vyote. Bado naamini Marko 11:24 inamaanisha inachosema, sitaki tuipunguze kwa sababu ya yaliyotuumiza. Lakini mstari wa 25 unaofuata, "nanyi kila msimamapo na kusali, sameheni". KijitoKimya, huyo kaka umeshamsamehe? Siulizi kama masharti.

KijitoKimya (#33)
Hilo Nyundo sijawahi kuulizwa. Kuna vitu alivyofanya alipokuwa amelewa ambavyo siwezi kuviandika hapa. Nitalifikiria, na nitalipeleka mahali pake.

Nesi asante, nimekutumia meseji pembeni kuuliza pa kuanzia.

Chaka la Mbuni (#34)
Mimi nina swali la pembeni kidogo kabla uzi haujapoa. Mtu uliyemuombea akifa kabla hujaona jibu, kama wale wawili wa Müller wangetangulia yeye, unaendelea kumuombea au ndo mwisho?

Salome_M (#35)
Sisi tunaendelea, 2 Wamakabayo 12.

MzeeWaLindo (#36)
Kitabu ambacho kwenye Biblia yangu hakimo mwanangu. Waebrania 9:27, kufa mara moja na baada ya kufa hukumu.

Abuna Safari (#37)
Na sisi tunawaombea, tena bila kufundisha toharani kama Wakatoliki wanavyoifundisha. Kuna maelezo marefu hapo.

Chaka la Mbuni (#38)
Basi Abuna yafungulie uzi wake, utupe linki hapa.